Malalamiko: Shule za sekondari zinazokalia rekodi za watoto wanaoomba vyuo vya ng'ambo

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika kutoka Kisumu nikiwa na hasira, na nimejilazimisha kuyapanga maneno yangu kwa utaratibu ili asitokee mtu akasema kwamba mzee amepandwa na mori tu. Lalamiko langu ni moja. Mtoto wa huku kwetu akitaka kuomba nafasi ya shahada ya kwanza katika chuo cha ng'ambo, anaweza kushinda mitihani yote na bado akakwamishwa na ofisi ya shule aliyosomea, kwa karatasi ambazo shule hiyo imezifungia kabatini na ambazo kuzitoa ni kazi ya asubuhi moja.

Binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mwaka 2024 katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, nanyi naomba msiniulize jina lake katika majibu. Matokeo yalipotangazwa tarehe 9 Januari 2025, alikuwa amepata A-. Aliamua kuomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mwombaji kujaza fomu moja na kuituma kwa vyuo visivyozidi 20. Msimu wa maombi hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Vyuo vingi hufunga dirisha la mapema tarehe 1 Novemba, na lile la kawaida hufungwa siku za mwanzo za Januari. Sehemu iliyomhusu yeye aliimaliza mapema: insha isiyozidi maneno 650, orodha ya shughuli zake, na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ambao siku hizi hufanywa kwenye kompyuta na uliotulazimu kuazima kipakatalishi cha jirani. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya shule.

Kwa wasioujua utaratibu huu, nitaueleza, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo ubaya wote. Mwombaji huandika jina na baruapepe ya mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yake, kisha mfumo humtumia mwalimu huyo kiungo. Mwalimu huingia, akajaza Ripoti ya Shule, akapakia rekodi ya alama za mwanafunzi za miaka yake ya sekondari, akaandika barua ya mapendekezo, na kuongeza maelezo mafupi kuhusu shule yenyewe ili msomaji aliye Boston au Chicago ajue mtaala wetu ni upi na gredi zetu zinatolewaje. Walimu wa masomo, mmoja au wawili, huleta barua zao kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi haruhusiwi kuyafanya hayo kwa niaba yao, hata awe na ripoti zake zote za muhula zenye mihuri, kama tulivyo nazo sisi ndani ya bahasha nyumbani. Zaidi ya hayo, mwalimu huyo huyo ndiye anayeombwa athibitishe kwamba familia haimudu ada ya maombi. Ada hiyo katika vyuo vikubwa kama Harvard na Yale ni karibu Sh10,000 au zaidi kwa kila chuo. Mwalimu hatozwi chochote. Anachodaiwa ni muda wake na uaminifu wake.

Sasa sikilizeni majibu tuliyopewa. Binti yangu alipokuwa kidato cha nne na kuuliza kwa mara ya kwanza, aliambiwa asome kwanza, mambo ya Marekani yatakuja baadaye. Nililikubali jibu hilo, kwa sababu nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi na najua mwaka wa mtihani ulivyo. Aliporudi baada ya matokeo, akiwa na alama ambazo shule ilizitangaza kwa mbwembwe kwenye bango la lango lake, aliambiwa kwamba yeye si mwanafunzi wao tena na kwamba wao hushughulikia waliomo shuleni. Niambieni basi, ni wakati gani mtoto huyu alikuwa wa shule hiyo? Akiwa ndani ni mapema mno, akiwa nje amechelewa, lakini alama zake zimewafaa kwa bango muda wote huo.

Mkinijibu kwamba angeomba akiwa bado kidato cha nne, fikirieni kalenda. Karatasi za KCSE hufanywa hadi Novemba, shule zinafungwa, walimu wanatawanyika makwao, na dirisha la kawaida linafungwa Januari mwanzoni wakati ofisi zina kufuli. Matokeo ya KCSE ya 2025 yalitoka tarehe 9 Januari 2026, siku ambayo vyuo vingi vilikuwa vimeshaacha kupokea. Ndiyo maana watoto wengi wa Kenya huomba mwaka unaofuata. Hili shule inalijua, au ilipaswa kulijua, kwa sababu binti yangu si mtoto wa kwanza kuomba.

Nilipofika mwenyewe, nilikuta kwamba baruapepe rasmi ya shule haifunguki. Katibu muhtasi aliyekuwa na nenosiri alikuwa amehamia Busia, wala hakuna aliyeona haja ya kumpigia simu. Mialiko ya Common App ilikuwa imelala humo bila kusomwa. Nikaomba mwalimu mmoja atumie anwani yake, akasema hawezi kufanya hivyo bila idhini ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni. Alikuwa mkutanoni kila nilipokwenda. Kuhusu alama za kidato cha kwanza na cha pili, nikaambiwa kompyuta iliharibika. Nilipotoa ripoti zetu zenye mihuri yao wenyewe na kuomba zinakiliwe tu, mhasibu akaingilia kati na kusema kwamba kuna malimbikizo ya karo, na kwamba kuna pesa kidogo ya "kutafuta faili". Niliomba risiti ya hiyo pesa kidogo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Hapa niseme jambo kwa wazazi wanaonyamazishwa na neno malimbikizo. Deni la karo ni deni, nami sijakana kulilipa. Tulikuwa tunalilipa kwa awamu. Lakini Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inasema kwamba cheti cha mtahiniwa hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Kuhusu alama za ndani ya shule, hizo ni taarifa za binafsi za mwanafunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 26, inampa mwenye taarifa haki ya kuzifikia. Shule zisijifanye kwamba sheria hii haizihusu. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tena Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mimi niliomba sababu kwa maandishi. Nilichopewa ni kiti cha kungojea.

Barua ya mapendekezo hatimaye iliandikwa, ikachapishwa na kutiwa mhuri, kisha binti akakabidhiwa mkononi, jambo ambalo linaonyesha kwamba hakuna aliyesoma maelekezo. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba ni mwenye nidhamu na anayeshirikiana na wenzake. Ya pili ilimsifu kwa uongozi wake katika klabu ya muziki, na jina lililoandikwa humo ni la msichana mwingine kabisa. Binti yangu hakuwahi kuimba popote. Alikuwa katibu wa klabu ya hisabati na alikuwa akiwafundisha wenzake jioni, jambo ambalo mwalimu yeyote aliyemjua angelieleza kwa mistari mitatu. Vyuo hivi hupokea maombi ya maelfu ya watoto wenye alama za juu, na barua hizo ndizo zinazowasaidia kumjua mtoto nyuma ya alama zake. Sisi tunawatumia fomula iliyobadilishwa jina, na hata jina lenyewe linabadilishwa nusu.

Lililonikera kuliko yote lilitoka kinywani mwa mfanyakazi wa ofisi hiyo, aliyenivuta kando kwa nia njema, nadhani, na kunielekeza kwa wakala mwenye chumba ghorofani mjini. Alisema, "Mwalimu, huyo atakuandalia kila kitu, hata hizo ripoti." Yaani shule iliyo na rekodi halisi inakataa kuzitoa, halafu inamwelekeza mzazi kwa mtu atakayezibuni. Chuo kikigundua rekodi ya kughushi, nafasi inafutwa hata kama mtoto ameshafika huko, na wakala hatakuwa na la kupoteza kwa sababu fedha zake alishazipokea. Tumeona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret mwaka 2023, wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada. Watu hushangaa wazazi wanawezaje kumkabidhi mtu wa kati fedha nyingi namna ile. Mimi sishangai tena. Mlango wa halali ukifungwa na wenye funguo, wa pembeni hujaa watu.

Najua kuna mipango ya kusaidia bila malipo. KenSAP, iliyoanza mwaka 2004, imewaelekeza vijana wengi wa Kenya hadi vyuo bora vya Amerika Kaskazini, na Zawadi Africa imefanya hivyo kwa wasichana. Nawavulia kofia. Lakini wanaochaguliwa ni wachache, na hata hao wanahitaji rekodi kutoka shuleni. Baraza la Mitihani lenyewe, ambalo tumezoea kulilaumu, hupokea mtandaoni maombi ya kuthibitisha matokeo. Kwa hiyo hoja kwamba mambo haya hayawezekani nchini mwetu haisimami. Mwaka 1959 kijana wa Rusinga, Tom Mboya, alifanikisha safari ya wanafunzi 81 kwa ndege ya kukodiwa kwenda Marekani, enzi ambazo maombi yalisafiri kwa posta. Leo, katika nyanda zile zile, faili moja haiwezi kupakiwa kutoka chumba chenye kompyuta na umeme.

Matokeo ya haya yote ni kwamba vyuo viliandika kwenye akaunti ya binti yangu kuwa maombi hayajakamilika, na dirisha likafungwa. Hakukataliwa; hakusomwa. Alikuwa ameacha nafasi ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo vya hapa nchini, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza shahada kwingine kuwa mwanafunzi wa kuhama, na misaada ya fedha kwa wa namna hiyo mara nyingi huwa finyu. Mwaka mzima umepotea, naye ananiuliza kama aombe tena Agosti. Nitamjibu nini, ilhali funguo ziko kwa watu wale wale?

Nimeshasikia kisingizio kipya kwamba shule zimelemewa na mtaala mpya wa umilisi tangu Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026. Nalikubali jambo hilo kwa nusu. Lakini KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027, na waliosoma chini ya mfumo huo wa KCSE wataendelea kuhitaji rekodi zao kwa miaka mingi baadaye, wakati makabati hayo yatakuwa na vumbi na walimu waliowajua watakuwa wamestaafu. Zisipowekwa sawa sasa, zitawekwa lini?

Barua yangu imeshafika kwa bodi ya usimamizi ya shule, na nakala iko kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Nimedai mambo mawili tu: rekodi kamili ya alama za miaka minne iliyothibitishwa na shule, na mwalimu mmoja atakayeteuliwa kwa maandishi kushughulikia maombi ya vyuo, mwenye baruapepe inayofunguka, kwa waliomo shuleni na kwa waliomaliza. Jibu halijaja.

Kama kuna mzazi wa Kakamega, Siaya, Bungoma, Nakuru au kwingineko aliyefanikiwa kuipata rekodi ya mtoto wake bila kutoa "pesa kidogo", naomba aeleze hapa alimwendea nani na alitumia hoja ipi. Na kama kuna mwalimu wa ushauri nasaha anayenisoma ambaye amewahi kujaza Ripoti ya Shule, aniambie kwa ukweli ilimchukua muda gani, kwa maana naibu wa mwalimu mkuu aliniapia kwamba ni kazi ya muhula mzima.