Paka wa marehemu mama figo zimekwisha. Nimpe anachokitaka au nishike masharti ya daktari?

Kijana wa Michenzani:
Assalamu alaykum wadau, na habari zenu wale wa salamu nyengine. Niko Unguja na hili nipo siriasi, wenye maskhara piteni kimya kimya.

Tuna paka dume anaitwa Jodari. Alikuja kwetu ndani ya kapu la samaki la marehemu mama kutoka Darajani, mwaka ule ilozama meli ya Spice Islander, 2011, kitoto hata kutembea sawa hakijui, so umri wake hesabuni wenyewe. Mama katutoka na katika maneno alotuachia moja ni "Jodari msimtupe". Basi.

Karibuni hapa akawa anakunywa maji kama mtu alofuturu kwa urojo wenye pilipili, anakojoa kila saa, mwili unakwisha mpaka uti wa mgongo unauhesabu kwa vidole, mdomo unanuka mkojo. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo akamtoa damu, majibu yakaja figo zimekwisha, kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo huutoa, iko juu sana, kasema hapa si suala la kupona tena ni suala la muda na muda wenyewe si mrefu. Akanipa masharti, chumvi hapana, samaki punguza, maini hapana, tafuta chakula cha figo cha dukani. Nimekitafuta mpaka nikakipata kwa mtu, bei yake nyamazeni tu, Jodari kakinusa halafu akaanza kuparua sakafu pembeni yake kama anafukia mavi. Kaondoka zake.

Anachotaka yeye ni jodari, jina lake. Na kamba. Na maini ya kuku. Dada yangu anasema nikimpa namuua, mke wangu anasema anakufa hivyo hivyo mwache ale, shemeji kashauri nusu Panadol ili maumivu yapungue, jirani kasema nikamwache sokoni afe karibu na samaki (huyu sikumjibu). Mie naomba mnisaidie: nimpe anachokitaka? Na nitajuaje kama anaumia? Maana kupiga kelele hapigi.

Bi Karafuu:
Pole mwanangu. Paka wa mzazi ni amana, naelewa. Mpe ale bwana, wewe ukiwa kitandani wiki yako ya mwisho mtu akuletee uji hauna chumvi utafurahi?

chuma_cha_pua:
Watu hospitali wanakosa hela ya dripu, mwenzetu anapima paka kreatinini. Bongo raha sana.

Bi Karafuu:
Umeambiwa upite kimya kimya, pita basi.

Mifugo Kwanza:
Mimi ni daktari wa mifugo, miaka mingi nimekaa na ng'ombe lakini paka na mbwa pia natibu. Mkuu, kabla ya yote mengine, HIYO PANADOL USIMPE. Rudi kamwambie shemeji asimpe hata kwa siri kwa nia njema. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamo kama letu, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso na miguu inavimba, anakufa kwa kutapatapa. Kwa paka aliyekonda hivyo nusu kidonge inatosha kabisa kuua. Diklofenaki na brufeni nazo weka mbali, hizo zinamalizia figo. Dawa za maumivu za paka zipo, muombe daktari wako akupe.

Sasa chakula. Daktari wako hajakosea, hayo masharti ni sahihi kwa paka ambaye figo zimeanza kuchoka, unampunguzia fosforasi na chumvi ili azidi kwenda miaka. Tatizo figo ni wanafiki, mpaka damu ianze kusema ujue kama robo tatu ya kazi imeshapotea, na wako anaonekana amevuka hata hapo. Katika hatua hii chakula bora ni kile atakachokubali kula. Paka asipokula siku mbili tatu ini nalo linaanza kujaa mafuta na hali inakuwa mbaya zaidi kuliko kipande cha samaki. Rudi kwake umuulize hivi: "Daktari, tunatafuta miezi au tunatafuta raha?" Akisema raha, masharti mengi yanajifuta yenyewe.

Kijana wa Michenzani:
Daktari Allah akujaalie kheri. Panadol nimeshaitoa kwenye kabati nimeiweka juu. Shemeji kanuna, atanunua peremende apone.

So jodari ruksa? Na nimpikeje, maana mama alikuwa anamtolea kwenye mchuzi wa nazi.

Mifugo Kwanza:
Mchuzi ndio hapana. Kitunguu maji, kitunguu thomu, hivyo vinavunja chembe nyekundu za damu, na paka wa figo damu anayo kidogo tayari. Supu yoyote ya binadamu ina kitunguu hata kama huoni vipande. Chukua samaki mbichi, chemsha na maji matupu, toa miba yote kwa vidole sio kwa macho. Dagaa wa chumvi pia hapana, wale wakavu wasio na chumvi unaweza kuwaroweka ukampa wawili watatu kwa hamu.

mama_wa_paka_saba (Mombasa):
Pole sana kakangu. Mimi nimewazika watatu kwa ugonjwa huo huo wa figo, hili nalijua kwa mikono. Paka hali kwa ulimi, anakula kwa pua. Pua ikiziba au chakula kikiwa baridi kutoka friji kwake hicho si chakula. Kipashe kiwe vuguvugu tu, kama mwili wa mtu, ukitumia mikrowevu koroga halafu weka kidole maana katikati huwa moto ukaunguza ulimi. Yale maji uliyochemshia samaki usiyamwage, hayo ndiyo dawa yenyewe, mpe kwa sahani pana isiyogusa masharubu. Sahani iweke juu ya kopo au tofali, akiinama sana kichefuchefu chapanda.

Kidogo kidogo. Usimwekee bakuli lote, ataliona tu achoke. Kijiko kimoja, ondoa, baada ya saa jaribu tena. Kamba mmoja umemkatakata kwake ni harusi.

Na kamwe usimfungue mdomo ukamsukumia chakula kwa sirinji hali hataki. Chaweza kuingia mapafuni, halafu pia utamfanya akuogope wewe, na hizo siku zilizobaki ni wewe anayekutaka.

Mpemba Muscat:
Niko Oman lakini moyo uko huko huko. Mie paka wangu mwisho hakutaka hata samaki, alitaka maziwa ya kopo yale ya chai. Daktari wa huku alisema paka wakubwa wengi maziwa yanawaharisha, lakini kijiko kimoja cha chai alikubali. Alikilamba mpaka kijiko kikahama sakafuni.

Swali kwa daktari, akigoma vyote? Maana wangu alikuwa anakiendea chakula, anakitazama, analamba midomo, halafu anageuka.

Mifugo Kwanza:
Hapo umegusa kitu muhimu na mleta uzi asome vizuri. Paka anayekiendea chakula akalamba midomo, akatoka mate halafu akageuka, hajakosa hamu. Ana kichefuchefu. Uchafu ambao figo zilitakiwa kutoa umejaa kwenye damu, tumbo linamsokota, wakati mwingine mdomo una vidonda kabisa. Huyo hata umletee samaki mzima kutoka soko la Ferry ni kumtesa kwa harufu. Aanze sindano ya kuzuia kutapika, zipo, na dawa za kuamsha hamu ya kula zipo pia, ndipo kamba atakuwa na maana. Mfungue mdomo taratibu uangalie ulimi pembeni na fizi, ukiona vidonda sema.

Kuhusu kuumia. Paka hapigi simu akakwambia. Angalia: amekaa amejikunja kama mkate, kichwa chini, macho nusu? Ameacha kujilamba manyoya yakashikana? Anajificha uvunguni, hapandi tena pale alipokuwa analala? Na ile nguruma yao usiiamini asilimia mia, paka anaunguruma akiwa na raha na anaunguruma pia akiwa na maumivu.

Kuna daktari wa saratani za wanyama Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza kipimo cha vitu saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila kimoja unakipa alama 0 mpaka 10, 10 ikiwa ni hali nzuri. Jumla ikiwa zaidi ya 35 unaweza kuendelea kumhudumia nyumbani. Ikishuka hapo kila siku, ongea na daktari habari ya kumpumzisha. Wape na dada yako na mkeo wajaze kila mtu peke yake, kuliko kugombana sebuleni.

Kijana wa Michenzani:
Manyoya yameshikana kweli, huku nyuma. Uvunguni ndiyo anakaa. Midomo analamba.

Tumejaza wote watatu. Dada yangu aliesema nisimpe samaki ndie alompa alama za chini kuliko sote, kumbe anamuona kuliko sie.

Sasa hili la kumpumzisha. Sisi waislamu, inafaa kweli kumdunga sindano afe?

Abuu Twalha:
Ndugu yangu kwa nijuavyo uhai hautoi ila alieutoa. Muhudumie mpaka siku yake ifike. Umesahau yule mwanamke alieadhibiwa kwa sababu ya paka, kamfungia hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie? Wewe mlishe, mnyweshe, utapata thawabu zako.

Mpemba Muscat:
Sheikh hiyo hadithi ni sahihi na ndio inamuunga mkono anachokifanya. Lakini ipo na ile kwamba Mwenyezi Mungu kaandika ihsani katika kila jambo, hata mkichinja chinjeni vizuri, mnoe kisu, mumpe raha mnyama. Nimewasikia masheikh wenye kuruhusu kwa mnyama asie na matumaini na anaeteseka, na wapo wasioruhusu. Mleta uzi muulize sheikh wako unaemuamini, mueleze hali yake yote, usiseme tu "paka mgonjwa".

Abuu Twalha:
Hilo la kuuliza nakubali.

Kiatu Kimoja (Arusha):
Mimi nilikuwa na mbwa sio paka ila nikwambie kitu hakuna aliyeniambia mimi. Siku daktari akija, kama mtaamua hivyo, macho hayafumbiki. Anapewa kwanza ya usingizi, akishalala kabisa ndio ile ya pili, dakika chache moyo umesimama, lakini macho yanabaki wazi na anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au kukojoa baada ya kufa. Watoto wasipojua watadhani ameamka. Waambie mapema.

Na mzike chini sana, kama mita hivi. Ile dawa inabaki kwenye mwili, ukimtupa jalalani kunguru na mbwa wakimla na wao wanakwenda.

mama_wa_paka_saba (Mombasa):
Kaka unasema yuko uvunguni, na sisi watu wa pwani, umeangalia sisimizi? Wallahi hakuna aniambiaye hili na ndilo lililonitesa zaidi. Paka akidhoofika hajipangusi, macho yanatoa maji, huku nyuma kuna mkojo, sisimizi wanamfuata usiku wakimpanda kwenye kope. Nzi nao mchana wanataga kwenye manyoya machafu. Mtoe uvunguni na kitambaa chake, muweke kwenye boksi lenye upande mmoja mfupi, boksi juu ya stuli, miguu ya stuli ndani ya vikopo vya maji. Sahani ya chakula nayo ikae ndani ya sinia lenye maji kidogo. Nyuma mpunguzie manyoya kwa mkasi, mpanguse kwa kitambaa cha vuguvugu, usimwogeshe.

Masikio na miguu ikiwa baridi, jaza chupa ya maji moto, izungushie kanga, iweke kando yake sio juu yake, ili akitaka kuhama ahame. Kanga ya mamake kama ipo, hiyo hiyo.

Kijana wa Michenzani:
Mama wa paka saba umenipiga pabaya. Sisimizi walikuwepo, kwenye jicho la kushoto. Stuli ipo, vikopo vya tomato vipo, kanga za mama zimo sandukuni nimeshatoa moja.

Nimerudi kwa daktari. Kamchoma ya kichefuchefu, kamwekea dripu chini ya ngozi, kanifundisha niendelee nyumbani kwa kipimo alichoandika. Vidonda vipo mdomoni, viwili. Sheikh wa mtaani kaniambia kama kula kutarudi nimwache, ikiwa atateseka na hakuna la kufanya nisimtese zaidi, so bado tuko kwenye kumtazama.

Jioni mke wangu kamchemshia kamba, kamsaga kwa sababu ya vidonda. Kala. Kwa kweli kala! Kaunguruma na akataka kupanda kochi akashindwa, nikampandisha.

Swali la mwisho kwa Mifugo Kwanza, dripu ikiingia anaruka kama kaungua, na baada yake kuna bonge limeshuka mpaka mguu wa mbele. Nimeharibu?

Mifugo Kwanza:
Hujaharibu. Maji yanashuka kwa uzito wake, kwa saa kadhaa bonge litanyonywa lenyewe. Likiwa bado lipo siku ya pili, usiongeze, mpigie daktari, maana mwili haunyonyi tena. Anaruka kwa sababu maji ni ya baridi kuliko yeye. Mfuko wa dripu uweke ndani ya beseni la maji moto dakika kumi, jimwagie tone mkononi, ukiona huhisi joto wala baridi ndio mchome. Mpe kamba huku dripu inashuka, sio baada yake.

Kijana wa Michenzani:
Sawa daktari. Kesho asubuhi dada anashika kamba mie nashika sindano.