Setapu ya gemu yadai "Disk 2" na hakuna CD: kwa nini faili zimegawanywa?

Mvuvi_wa_Likoni
Salaam aleikum ndugu zangu. Gemu niliyonunua mtandaoni ni GB 50, lakini badala ya faili moja kuna setapu ndogo ya .exe na faili 13 za .bin. Zimepakuliwa saiba ya Mwembe Tayari, moja ikakatika ikarudiwa, kisha zikavushwa feri kwa flashi ya GB 32, safari mbili. Kuinstoli kukifika asilimia 8 hivi, kompyuta yataka niingize "Disk 2". Diski gani? Na kwa nini wasitoe faili moja tukapumzika?

FundiKisauni
Waaleikum salaam. Hakuna CD unayodaiwa. Programu za kutengeneza setapu, mfano Inno Setup iliyoanza 1997, zilizaliwa wakati gemu zikiuzwa kwa flopi na CD, na mpaka leo kila kipande huitwa diski. Maana ya ujumbe huo ni kwamba setup-2.bin haionekani. Hata hiyo asilimia 8 yasema hivyo hivyo: vipande ni 13, cha kwanza kimekwisha kusomwa, cha pili hakipo.

Tazama majina. Kurudia kupakua kukiwa bado kuna faili yenye jina lile, brauza huongeza namba, ikawa "setup-2 (1).bin". Setapu hailitambui jina hilo. Ikiwa ile mbovu bado ipo, ifute, kisha rudishia nzima jina lake halisi, herufi kwa herufi. Hakikisha .exe na .bin zote 13 ziko folda moja, si folda mbili za safari mbili. Halafu bofya .exe peke yake. Faili za .bin hazifunguliwi kwa mkono.

Bi_Mkunguni
Kuhusu kugawanywa, sababu kubwa ni namba 4,294,967,295. Ndiyo idadi ya juu ya baiti ambayo faili moja yaweza kuwa nayo kwenye FAT32 (mfumo wa kupanga faili kwenye flashi), kwa sababu ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 32. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini huuzwa zikiwa FAT32. Ukijaribu kutia faili ya GB 50, au hata ya GB 5, Windows itakataa na kusema faili ni kubwa mno, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Windows yenyewe pia haiendeshi .exe iliyopita GB 4. Ndiyo maana .exe hubaki nyepesi na mzigo wote huwekwa kwenye .bin.

Faida ya pili ni bando. Kwa kasi ya Mbps 10, GB 50 ni kama saa 11 bila kukatika. Kipande cha GB 4 ni kama dakika 53. Stima ikipotea, au seva ikikataa kuendelea ulipoachia, unapoteza kipande kimoja tu. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko yote, maana bando hailipwi mara mbili kwa furaha.

JumaCoder
Nimeona watu wakishauri kuunganisha .bin kwa amri ya copy /b. Usifanye! Setapu inatafuta vipande kwa majina, ukiviunganisha haitaviona. Usichanganye pia na faili za .part1.rar, hizo ni kitu kingine: unafungua ya kwanza na WinRAR yafuata nyingine yenyewe.

FundiKisauni
Kweli kabisa. Naongeza: jina likiwa sawa na bado setapu ikasema faili zimeharibika, pima kipande kimoja kimoja. Fungua folda, andika cmd kwenye upau wa anwani juu, bonyeza Enter, kisha:

certutil -hashfile setup-2.bin SHA256

Amri hiyo hutoa namba ndefu ya kutambulisha faili. Linganisha na ile iliyotolewa na duka (likitoa MD5, aina nyingine ya namba hiyo, badilisha neno la mwisho). Kama duka halikutoa, endesha amri hiyo kwa faili iliyobaki saiba na kwa nakala yako. Zikitofautiana, flashi ndiyo iliyoharibu. Mara nyingi ni kuchomoa mapema: upau wa kunakili umefika mwisho, lakini data bado inaandikwa. Tumia Eject kila mara. Kitakachoonekana kibovu ndicho cha kupakua upya, hicho peke yake. Kipande cha mwisho kuwa kidogo si kosa.

Mvuvi_wa_Likoni
Naam, ni "setup-2 (1).bin". Nimeibadilisha jina na sasa yaendelea. Na nafasi? Diski ina GB 90 tupu.

Bi_Mkunguni
Je, hiyo GB 90 umeihesabu baada ya kutia setapu? Gemu hukandamizwa, ya GB 50 yaweza kufunguka ikawa GB 70 au zaidi, na .bin hazijifuti. Angalia kiasi kinachotajwa kwenye dirisha la kuchagua folda. Ikikosa kutosha, hamisha folda ya setapu kwenye diski ya nje na uendeshe .exe kutoka huko. Usifute .bin mpaka gemu ifunguke na kucheza.