Kuandika HAWANA KEMIKALI kwenye paketi ya dagaa: nashawishi au nadanganya?

dagaa_mwaloni
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, sasa nimeanza kupaki wa rejareja niwapeleke Dar, wakavu na wa kukaanga. Jamaa anayenichorea lebo anasema niandike kwa herufi kubwa HAWANA KEMIKALI, eti ndo inauza siku hizi. Na ni kweli hawana, wakavu ni jua tu, wa kukaanga ni mafuta na chumvi basi. Ila roho haitulii, maana hata majirani zangu pale sokoni sijawahi kuona wanaweka kemikali, sasa mteja akisoma hivo si ataona wenzangu ndo wanaweka? Naombeni mnieleweshe, matangazo yanamshikaje mtu, na wapi kushawishi kunaisha kudanganya kunaanza.

mtu_wa_igoma
Andika tu dada. Biashara bila sifa haitembei, wale wa Makoroboi wenye spika "mwisho leo mwisho leo" wanasema hivo mwaka mzima na watu wananunua. Kama kweli hawana kemikali uongo uko wapi?

mwl_nyegezi
Igoma umegusa penyewe. Kila neno linaweza kuwa kweli na mtu bado akaondoka na uongo kichwani. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alishalieleza hili zamani sana, alisema mtu anashawishiwa na mambo matatu, anavyomwamini anayeongea, anavyojisikia yeye mwenyewe, na hoja iliyo mbele yake, na akasema pia kwamba hoja ya kushawishi haihitaji kusemwa yote, unaacha kipande ambacho msikilizaji tayari anakiamini anakijaza mwenyewe. Matangazo yanaishi hapo. Ukiambiwa "mama anayejali anapikia mafuta haya" hakuna aliyesema usipoyatumia hujali, hilo umejisemea wewe, na kitu ulichojisemea hukibishii kirahisi kama kitu ulichoambiwa na mtu. Kwa hiyo mie tangazo lolote nikiliona, la redio, la bango pale Buzuruga, la daladala, natafuta kwanza kile ambacho halijakisema.

Sasa kuna kisa kinafanana kabisa na chako dada. Miaka ya mwanzo ya 1900 Marekani, mwandishi wa matangazo Claude Hopkins alipewa kazi ya kutangaza bia ya Schlitz ya Milwaukee. Akaenda kiwandani akaonyeshwa chupa zinavyooshwa kwa mvuke na maji yanavyovutwa kutoka visima virefu ardhini, akashangaa mbona hamuwaambii watu, wakamjibu kwamba viwanda vyote vya bia vinafanya hivohivo. Yeye akayaandika vilevile. Aliyetangulia kusema ndiye aliyeonekana wa pekee, wengine wangesema baadaye wangeonekana wanaiga. Hakuna uongo pale hata mmoja, ila msomaji alimaliza mwenyewe kwamba bia nyingine ni chafu.

Mimi nakupa mpaka wangu, wengine watakataa sawa. Chukua kile kipande ambacho hujakiandika, kiseme kwa sauti mbele ya yule anayehusika. Unaweza kusimama Mwaloni ukamwambia jirani yako "wewe unaweka kemikali"? Kama huwezi basi na lebo isiseme kwa niaba yako.

mtu_wa_igoma
Mwalimu hapo nimekuelewa, ila Hopkins aliuza au hakuuza? Huyu dada anataka kuuza.

mama_wa_pansiansi
Jamani mniruhusu niongee kama mnunuzi. Mimi kemikali kwenye dagaa hata sijawahi kuiwaza, mtu akiniandikia hivo ananitia hofu ambayo sikuja nayo halafu hapohapo ananiuzia dawa yake. Hofu yangu halisi ni MCHANGA. Dagaa walioanikwa chini ufukweni unaosha maji matatu manne na bado mtoto analia mezani, wa kwenye chanja ni wasafi unaona kabisa. Mwanangu kama wako ni wa chanja sema hilo, sisi wapishi tutakuelewa hata bila picha ya mwanamke anacheka jikoni.

sheria_kidogo
Naongezea upande wangu. Kuna sifa na kuna ahadi. "Dagaa watamu kuliko wote" ni sifa, hakuna anayeipima. Ukitaja kitu kinachopimika umeshaahidi. London mwaka 1891 kampuni moja ilitangaza kifaa cha kuvuta dawa puani, ikasema atakayekitumia inavyotakiwa kisha akapata homa ya mafua atalipwa pauni 100, na kwamba wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii. Mama mmoja, Bi Carlill, akatumia akaugua, wakakataa kumlipa wakidai lile lilikuwa tangazo tu. Mahakama ya Rufaa mwaka 1892 ikasema mlipeni, zile pauni za benki zilionyesha mlikuwa mnamaanisha. Na hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, iko chini ya FCC, yaani Tume ya Ushindani, na kupotosha si lazima useme uongo wa moja kwa moja. Kwa hiyo dada ukiandika "hawana mchanga" jua umeahidi, punje moja ikionekana mtu ana haki ya kukuuliza.

dagaa_mwaloni
Asanteni sana aisee, mama wa Pansiansi ubarikiwe. Wangu wengi ni wa chanja lakini siyo wote, giza la mwezi dagaa wakija wengi chanja hazitoshi wanaishia kuanikwa kwenye nyavu zilizotandikwa chini. Kwa hiyo hao wa chini nitaendelea kuwauza kwa gunia kama kawaida, paketi itakuwa ya chanja peke yake. Kemikali nafuta. Nimeandika hivi: "Dagaa wa Ziwa Victoria. Wamekaushwa juu ya chanja, si chini." Vipi hapo?

mwl_nyegezi
Hapo hata jirani akisoma hana ugomvi, wa chini anajua wa kwake ni wa chini.

mama_wa_pansiansi
Weka na tarehe ya kupaki na gramu, Dar wanauliza sana gramu. Na wa kukaanga lebo yao iwe tofauti, hao hawana habari ya chanja.