Naomba ushauri: gemu ya kuthibitisha thioremu

Hamjambo wandugu. Nina klabu ndogo ya hisabati huku Kayole, vijana wa sekondari, tunakutana Jumamosi. Nataka kuwatengenezea gemu ya simu ambayo ushindi wake ni kuthibitisha thioremu (kauli ya hisabati inayoonyeshwa kuwa kweli hatua kwa hatua), si kubahatisha jibu.

Wazo lenyewe si geni. Kuna Natural Number Game, iliyotoka Imperial College London mwaka 2019: unaanza na sifuri na "namba inayofuata" tu, kisha unathibitisha mwenyewe kwamba a + b = b + a. Programu ya Lean, inayokagua kila hatua ya uthibitisho, ndiyo refa, na refa huyo hahongeki. Vijana wameipenda, lakini inataka uandike amri kwa kibodi, na kwenye simu ya kioo kidogo hayo ni mateso.

Nafikiria kadi za kuburuta kwa kidole: kadi ya "tuseme kwamba", kadi ya induksheni (ni kweli kwa sifuri, na ikiwa kweli kwa namba moja ni kweli kwa inayofuata, basi ni kweli kwa zote), na kadhalika. Hapo ndipo nimekwama. Nikiweka kadi chache, wanazijaribu zote bila kufikiri mpaka hatua ipite. Nikiweka nyingi, wanarudi kwenye mpira wa pleisteshen pale kwa jirani, na siwalaumu.

Sasa, pointi nitoe kwa uthibitisho mfupi zaidi, au kwa atakayepata njia ambayo wenzake hawakuiona? Na aliyewahi kuunganisha Lean na programu ya simu isiyokula bando, tafadhali anielekeze. Seva ya kukodi kila mwezi mfuko wangu hauiwezi.