Ruzuku za taka za plastiki Bukavu: zilipe uvumbuzi mpya au zilipe uokotaji?

Mwanzisha mada, Kadutu

Ndugu wasomaji, naleta swali ambalo sisi wakazi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunapaswa kulijadili kabla wafadhili hawajalijibu kwa niaba yetu. Kila linapotoka tangazo la ruzuku za kupunguza taka za plastiki, sharti la kwanza huwa ni uvumbuzi: mwombaji aonyeshe jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Kwa maoni yangu sharti hilo linapeleka pesa mahali pasipo na tatizo. Ruzuku zilipe kwanza uokotaji, kwa kilo na kwa miaka kadhaa mfululizo, ndipo uvumbuzi ufuate.

Tazameni njia inayopitiwa na taka yenyewe. Sashe ya maji inayotupwa karibu na soko la Kadutu haikai hapo. Mvua ikinyesha inateremka na mfereji, inaingia mto Kawa na kufika ziwani. Na kwa kuwa Ziwa Kivu halina mlango mwingine wa kutolea maji isipokuwa mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini kwetu, sehemu ya kile kinachoelea huvutwa hadi bwawa la Ruzizi I. Huko plastiki hujikusanya mbele ya mitambo ya umeme, nyingine hunyonywa pamoja na maji, na mashine hulazimika kusimamishwa ili zisafishwe. Watu huopoa taka kutoka juu ya maji, na kesho yake zimejaa tena. Giza linalotupata Bukavu, na hata Goma, mara nyingine limeanzia kwenye mfereji wa mtaa wetu.

Katika safari hiyo yote, mahali ambapo taka hukamatika kwa gharama ndogo ni mfereji, kabla haijalowa na kuchanganyika na tope. Anayeikamata hapo ni kijana au mama mwenye gunia, ambaye hana jambo jipya la kumwonyesha mfadhili. Naye huokota kile kinachomlipa. Chupa za maji za nusu lita, hamsini hadi mia hivi, zinatimiza kilo, na zina wanunuzi. Sashe tupu zinahitajika mamia ili kupata kilo hiyo hiyo, tena zimejaa mchanga na lazima zioshwe, kwa hiyo anaziacha. Hata akiinama siku nzima, bei ya sokoni haimlipi kwa sashe. Pengo hilo la bei ndilo ambalo ruzuku ingeweza kuliziba, na sijaona tangazo hata moja linalolitaja.

Ninachokiona badala yake ni mradi wa mwaka mmoja: semina, fulana, bango kubwa, na mashine moja inayosimama kipuri kikikosekana. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizotokea duniani hadi 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Ujuzi wa kurejeleza ulikuwepo miaka yote hiyo, kwa hiyo kilichokosekana si uvumbuzi.

Mchangiaji wa Nguba, mtengenezaji wa pave (matofali ya kutandaza chini)

Papa, nakusalimu kwa heshima, lakini katika hili sikubaliani nawe. Mimi na wenzangu tunatengeneza pave kwa sashe na mchanga. Tulianza kwa kuyeyusha ndani ya pipa juu ya moto, tukikoroga kwa chuma huku moshi ukitupiga usoni. Na makaa tuliyochoma yanatoka kwenye misitu ya upande wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, maana yake tulikuwa tunasafisha ziwa kwa kumaliza miti. Tanuru lililofungwa, lenye bomba la moshi, tulilipata kwa ruzuku ya uvumbuzi. Hakuna benki iliyokuwa tayari kutukopesha, na tangu mwanzo wa 2025 benki zilipofunga milango hapa na Goma, hata kuuliza hatuna pa kuuliza.

Ukilipa kilo bila kuwepo mtu wa kuzitumia hizo kilo, utapata mlima wa magunia. Mvua kubwa moja tu, na magunia hayo yatakuwa ziwani. Ninazo sashe zilizookotwa ambazo sijaweza kuzimaliza, kwa sababu mashine ya kukandamiza ni moja. Mtu wa gunia anahitaji mnunuzi, na mnunuzi huyo hatokei bila mtaji wa kujaribia.

Mchangiaji wa Goma

Nawasoma wote wawili nikiwa Birere, hatua chache tu kutoka mpaka. Upande wa pili, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na kabla ya kuingia Gisenyi mtu huhamishia vitu vyake kwenye mfuko mwingine. Ziwa ni lile lile. Nasi Kongo tunayo dekreti (amri ya serikali) nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vya plastiki. Iko wapi? Sashe zinauzwa kila kona.

Hofu yangu ni kwamba ruzuku, iwe ya uvumbuzi au ya uokotaji, inamwondolea mzigo yule anayepata faida. Anauza sashe, faida inabaki kwake, na usafi unalipiwa na mgeni. Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki yaliisha Busan mwishoni mwa 2024 bila makubaliano, na Geneva mwezi Agosti 2025 vilevile. Anayetengeneza asipotozwa, mtaokota hadi wajukuu wenu.

Mwanzisha mada, Kadutu

Ndugu yangu wa Goma, dekreti itekelezwe, naunga mkono kwa moyo wote, na anayetengeneza atozwe. Ila sashe za miaka iliyopita ziko tayari ndani ya tope la Kawa, na hakuna sheria itakayozitoa. Zinahitaji mikono, na mikono hiyo inahitaji kula leo.

Dada wa Nguba, tanuru lako ndilo uvumbuzi ninaoukubali, maana linakula sashe ambazo hakuna anayezitaka. Basi mfadhili akulipe na wewe kwa kilo ulizogeuza kuwa pave, miaka mitatu au minne mfululizo. Kwa mkataba wa namna hiyo utanunua mashine ya pili bila kungoja shindano jingine. Malipo yapite kwenye simu, kwa kuwa ndiyo njia tuliyobaki nayo. Mzani uwe wazi, mmoja kwa kila komine (wilaya ya mji), Ibanda, Kadutu na Bagira, na sashe zipimwe zikiwa kavu na zimekung'utwa, maana pesa ikiingia kwenye kilo, mchanga na maji navyo vitaletwa vipimwe.

Swali ninaloona bado ni gumu ni la nani ashike huo mzani. Mimi ningewakabidhi akina mama wanaopanga meza zao kando ya mifereji, kwa sababu taka ikiziba ni bidhaa zao zinazolowa kwanza. Mwenye pendekezo bora zaidi alilete hapa, aseme pia nani atamkagua huyo mpimaji.