Jibu: Mdogo wangu na "get" ya Kiingereza

Dada, habari za huko. Nimesoma ulivyoandika kuhusu mdogo wako wa Kimara anayejiandaa kukufuata Uingereza kwa kazi ya kutunza wazee, na jinsi neno "get" la Kiingereza linavyomchanganya. Hapa Sinza nawafundisha jioni vijana wanaosafiri, na "get" huwasumbua kuliko majina ya magonjwa, kwa sababu walishakariri kwamba ni "kupata", basi.

Mwambie aione kama "piga" yetu. Tunapiga pasi, simu, mswaki na kura, na hakuna anayewaza kofi. "Get" nayo aisome pamoja na kinachoifuata. Ikifuatwa na kitu, mara nyingi ni kupata, kununua au kuleta. Ikifuatwa na sifa, ni kubadilika hali: "get cold" ni kupoa, "get worse" ni kuzidiwa. Hii ya pili aishike kwanza, maana ndiyo atakayoisikia wakati wa kupokezana zamu. Akiambiwa "he's getting confused", ajue mzee ameanza kuchanganyikiwa. Hilo ni la kufuatilia saa hiyohiyo, hasa kama jana alikuwa mzima, kwa kuwa kwa wazee hata maambukizi ya mkojo huweza kuanza hivyo.

Kwenye usafiri, basi na treni ni "get on" na "get off", teksi ni "get in" na "get out". Sisi tunapanda na kushuka vyote, kwa hiyo hapo wengi huteleza.

Kuna pia ya kufanyiwa: "I got my hair cut", nimenyolewa. Na mgahawani mtu akisema "I'll get this", analipa yeye. Amshukuru, asivutane naye mbele ya mhudumu. Mwajiri akisema "we'll get back to you", ameahidi jibu tu, kazi bado. Aendelee kutuma maombi kwingine.

"Gotten" atakutana nayo kwenye filamu za Marekani. Huko kwenu aseme "got".

Wanafunzi wangu nawapa sentensi za "get" waziseme kwa Kiswahili bila kutumia "pata" hata mara moja. Wakishaweza hilo, woga unaisha. Kama hajapata tarehe ya safari, na aje. Apande mwendokasi ashukie Shekilango, kisha anipigie nimpokee. Namba yangu unayo.