Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye treni ya umeme, Dar hadi Dodoma

Wakuu, nimezaliwa kota za reli Morogoro. Mzee wangu alikagua mataruma kwa miguu miaka mingi kwenye reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. SGR, yaani reli mpya ya kisasa ya treni za umeme, ilipoanza kubeba abiria Dar–Moro, Juni 2024, nilimkatia tiketi ya 13,000. Akakaa dirishani, kimya. Baadaye akauliza, "Mbona haigongi?" Reli ya zamani vipande vimefungwa kwa bolti, kila kiungo gurudumu linagonga, hii imechomelewa. Sikio lake lilikuwa linautafuta ule mlio. Tulipofika spidi 160 alinishika mkono, hakuuachia.

Leteni za kwenu.

Mtoto wa Kilosa: Kwangu ni mahandaki. Njia ya zamani inafuata mto Mkondoa, masika maji yanakula tuta. Niliwahi kulala behewani siku mbili na wanangu, uji tunanunua kwa akina mama wa kijijini. Safari hii tumeingia gizani, tumetoka upande wa pili wa mlima, hata mtoto hajaamka.

Binti wa Dodoma: Oktoba 2024 nilipigiwa simu usiku, mama kazidiwa. Nikapanda treni ya asubuhi, chini ya saa nne njiani. Nilimkuta anaongea. Tuliongea mpaka jioni, akafariki alfajiri. Kwa treni ya zamani ningefika kuzika.

Mama Mapacha: Pole sana dada. Mungu amrehemu.
Kwa wanaoanza: wahini stesheni, kuna ukaguzi wa mizigo na kitambulisho. Mimi nilifika zimebaki dakika tano, geti limefungwa, nauli ikapotea.

Kijana wa Ubungo: Hivi mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, una tofauti gani na ile nyingine ya umeme?

Fundi Umeme: Zote zinakula waya mmoja wa juu, volti 25,000. Ile nyingine ina kichwa kinachovuta mabehewa. Mchongoko, ulioanza Novemba 2024, hauna kichwa cha kuvuta. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, ndiyo maana ukiondoka stesheni unachanganya haraka.

Mleta mada: Binti wa Dodoma, nimemsomea mzee ujumbe wako. Amevua kofia. Anasema pole, na anataka nimpeleke Kilosa akayaone hayo mahandaki.

Mtoto wa Kilosa: Mlete, mkuu. Nitawapokea stesheni.